Kasoro za Usalama Katika Maktaba ya Expat: Dalili, Visababishi na Namna ya Kuzirekebisha

Expat ni maktaba ndogo iliyoandikwa kwa lugha ya C. Kazi yake ni kusoma hati za XML, yaani maandishi yaliyopangwa kwa tagi, kipande kwa kipande na kuiarifu programu iliyoiita kuhusu kila tagi inayofunguliwa, maandishi yanayopita katikati, na tagi inayofungwa. Iliasisiwa na James Clark mwishoni mwa miaka ya 1990, na kwa miaka mingi sasa inatunzwa na Sebastian Pipping akisaidiwa na wachangiaji wachache wanaojitolea. Udogo wake usimdanganye mtu. Imo ndani ya Python, imo ndani ya Firefox, imo ndani ya fontconfig inayochagua fonti kwenye kompyuta za Linux, ndani ya D-Bus, ndani ya Git, na ndani ya zana ambazo seva ya Apache huzitegemea. Kasoro moja ikigunduliwa humo, wanaopaswa kuirekebisha ni wengi kuliko wanaojua kwamba wanaitumia.

Mwongozo huu unamlenga msimamizi wa seva na mwandishi wa programu ambaye ama ameona dalili mbaya, ama ameambiwa na kikaguzi cha usalama kwamba mfumo wake uko hatarini. Jambo moja nalisisitiza tangu mwanzo kwa sababu ndilo linalowakwamisha watu wengi: toleo lililowekwa kwenye diski ni jambo moja, na msimbo unaotembea ndani ya mchakato sasa hivi ni jambo jingine. Anayejibu swali la kwanza akidhani amejibu la pili hufunga kazi huku mlango ukiwa wazi.

Kwanza jua ulichonacho

Kwenye Debian na Ubuntu, toleo lililowekwa huonekana kwa amri hii:

    dpkg -l libexpat1

Kwenye mifumo ya jamii ya Red Hat, amri ni `rpm -q expat`. Python ina jibu lake peke yake, ambalo linaweza kutofautiana na la mfumo:

    python3 -c "import pyexpat; print(pyexpat.EXPAT_VERSION)"

Ukishapata namba, ilinganishe na historia ya marekebisho. Toleo la 2.4.0 la mwaka 2021 lilileta kinga dhidi ya entiti (majina ya mkato yanayosimama badala ya maandishi mengine ndani ya hati) zinazojizidisha. Matoleo ya 2.4.3 na 2.4.5 ya mwanzoni mwa 2022 yalifunga kasoro nyingi za hesabu za namba kamili kufurika, pamoja na kasoro za ukaguzi wa UTF-8 (namna ya kuandika herufi kwa baiti) na za kitenganishi cha majina (herufi inayotenganisha jina la tagi na anwani ya kundi lake). Toleo la 2.4.9 la mwaka huohuo lilifunga CVE-2022-40674 (CVE ni namba ya utambulisho inayopewa kasoro ya usalama iliyotangazwa), ambapo maktaba iliendelea kutumia kumbukumbu iliyokwisha kuachiliwa. Toleo la 2.6.0 la mwaka 2024 lilishughulikia tokeni (vipande vya msingi vya hati, kama tagi nzima) kubwa zinazolemeza kichakataji, na 2.6.3 la mwaka huo lilifunga kasoro tatu kwa mpigo, mbili kati yake zikihusu mashine za biti 32. Toleo la 2.7.0 la Machi 2025 lilifunga CVE-2024-8176, yaani kuanguka kwa staki (kumbukumbu inayoshika miito ya kazi za programu) kunakosababishwa na entiti zilizofuatana kama mnyororo, na 2.7.2 la Septemba 2025 likaweka kikomo cha kumbukumbu ambayo hati moja inaweza kuidai.

Dalili ya kwanza: kikaguzi bado kinalalamika ingawa umesasisha

Hii ndiyo dalili inayoripotiwa zaidi kuliko zote, na visababishi vyake ni vinne.

Kisababishi cha kawaida kabisa ni kwamba mchakato haujawashwa upya. Maktaba ya pamoja hupakiwa kwenye kumbukumbu programu inapoanza, na kubadilisha faili kwenye diski hakubadilishi kilichokwisha kupakiwa. Linux huliweka faili la zamani hai, ingawa jina lake limefutwa kwenye saraka, hadi mchakato wa mwisho unaolishika utakapofungwa. Michakato hiyo huonekana kwa kutafuta hivi:

    sudo grep 'libexpat.*deleted' /proc/[0-9]*/maps

Kila mstari unaorudi ni ushahidi wa mchakato unaotembea na msimbo wa zamani. Niliwahi kupoteza siku mbili kwenye huduma moja iliyokuwa ikipokea hati za maagizo ya ununuzi. Kifurushi kilikuwa kipya, orodha ya sasisho ilikuwa safi, na mkaguzi alikuwa ameshatia saini. Nilipofungua faili la maps la mchakato wenyewe nikakuta njia ya `libexpat.so.1` ikiishia na neno lile la kufutwa, na `ps -o lstart` ikanionyesha kwamba mchakato ulikuwa umeanza miezi minne kabla ya kiraka kuwekwa. Tangu kiraka kiwekwe, wenye huduma walikuwa wakiwaambia wateja wao, kwa nia njema kabisa, kwamba wamerekebisha. Dawa ilikuwa ni kuwasha upya huduma moja, kazi ya sekunde tano. Kwenye Debian na Ubuntu zana iitwayo needrestart hufanya ukaguzi huu yenyewe baada ya kila sasisho, nami naona haifai seva yoyote ikose zana hiyo.

Kisababishi cha pili ni nakala nyingine ya Expat iliyojificha. Programu nyingi hubeba nakala yake ndani badala ya kutegemea ya mfumo. Python inayopakuliwa kutoka python.org kwa ajili ya Windows hubeba yake, Firefox hubeba yake, na kontena kila moja lina diski yake lenyewe, kwa hiyo kusasisha mashine mwenyeji hakugusi kilichomo ndani ya kontena hata kidogo. Maktaba ikiwa imeunganishwa moja kwa moja ndani ya faili la programu, amri ya `ldd`, inayoorodhesha maktaba ambazo programu huzipakia, haitaiona kamwe. Lakini Expat hujiandika jina, na jina hilo hubaki ndani ya faili:

    strings /njia/ya/programu | grep 'expat_[0-9]'

Ukiona `expat_2.2.9` ndani ya programu uliyoitengeneza wiki iliyopita, basi tatizo liko kwenye mtambo wako wa kujengea programu, si kwenye seva. Kwa upande wa kontena, usiingie ndani na kusasisha kwa mkono, kwa sababu kontena likiundwa upya kutoka kwenye taswira yake kazi hiyo hupotea. Jenga upya taswira kutoka kwenye msingi uliosasishwa, kisha uisambaze.

Kisababishi cha tatu si hitilafu bali ni kutoelewana kati ya kikaguzi na wasambazaji wa mfumo. Debian 12 imebaki na Expat 2.5.0 kwa makusudi, na marekebisho ya usalama huletwa kama viraka juu ya toleo hilohilo, kwa hiyo namba inayobadilika ni ile ya mwishoni, kama vile `2.5.0-1+deb12u1`. Kikaguzi kinachosoma 2.5.0 peke yake kitapiga kelele hata kama kiraka kimo. Angalia rekodi ya mabadiliko ya kifurushi chenyewe:

    apt changelog libexpat1 | grep CVE

Namba ya CVE ikitajwa humo kwamba imerekebishwa, andika ushahidi huo kwenye ripoti na ufunge suala. Isipotajwa, usidhani. CVE-2024-8176 hasa ilihitaji mabadiliko makubwa ndani ya kichanganuzi (sehemu inayosoma XML), na kuirudisha kwenye matoleo ya zamani kulikuwa kugumu, hivyo ni halali kabisa kukuta msambazaji ametia viraka vingine vyote akaacha hicho.

Kisababishi cha nne, ambacho ni adimu, ni mtu aliyejenga Expat kwa mkono zamani akaiweka kwenye `/usr/local/lib`, mahali ambapo kwenye mifumo mingi hupewa kipaumbele kuliko `/usr/lib`. Amri ya `ldd` itaonyesha njia kamili.

ONYO: usilinakili faili jipya la maktaba juu ya lile la zamani kwa `cp` wakati huduma zinatembea. Amri hiyo huandika ndani ya faili lilelile ambalo michakato hai imelishika, na michakato hiyo inaweza kuanguka yote kwa pamoja. Tumia msimamizi wa vifurushi, ambaye huweka faili jipya kando kisha hubadilisha jina.

Dalili ya pili: kumbukumbu inajaa na mchakato unauawa na mfumo

Angalia kwanza kama kweli ni mfumo uliouua mchakato:

    journalctl -k | grep -i 'out of memory'

Ikiwa ndivyo, na ikiwa muda wa tukio unalingana na kupokelewa kwa hati ya XML, kisababishi cha kushuku kwanza ni entiti zinazojizidisha. Shambulio hili ni la zamani na ni rahisi kulielewa. Hati hutangaza entiti ya kwanza yenye herufi tatu tu. Ya pili huita ya kwanza mara kumi, ya tatu huita ya pili mara kumi, na kuendelea hivyo hivyo. Baada ya ngazi tisa za kuzidisha kwa kumi, herufi zile tatu zimekuwa bilioni tatu, wakati hati yenyewe haifiki hata kilobaiti moja. Kasoro hii ilipewa namba CVE-2013-0340, na Expat haikuwa na kinga ya ndani dhidi yake hadi toleo la 2.4.0.

Kinga hiyo hufanya kazi kwa kuhesabu. Hujumlisha baiti zilizotoka moja kwa moja kwenye hati na zile zilizozalishwa na entiti, kisha hugawanya jumla hiyo kwa baiti za moja kwa moja. Uwiano ukizidi 100, baada ya jumla kuvuka mebibaiti 8, kichanganuzi husimama. Kwa hiyo marekebisho ya msingi ni kusasisha tu. Hata hivyo, angalia mambo mawili. Expat iliyokompailiwa bila msaada wa DTD (sehemu ya mwanzo wa hati inayotangaza kanuni na entiti zake) ilikuwa na tundu lake mwenyewe hadi 2.6.0, na programu zinazounda vichanganuzi vya nje vilivyotengwa zilikuwa na tundu jingine hadi 2.6.2, ambalo ni CVE-2024-28757.

Kisababishi cha pili kwa wingi ni hati isiyozalisha entiti nyingi lakini inayodai kumbukumbu kupita kiasi. Kabla ya 2.7.2, hati ya takriban kibibaiti 250 iliweza kusababisha maktaba kuomba takriban mebibaiti 800. Hiyo ndiyo CVE-2025-59375. Tangu toleo hilo kuna kikomo cha pili kinachofuatilia kumbukumbu yenyewe, na huanza kufanya kazi baada ya mebibaiti 64.

Kisababishi cha tatu hakimo ndani ya Expat kabisa. Programu yako inaweza kuwa inakusanya hati nzima kwenye mti wa kumbukumbu kabla ya kuitumia. Hakuna kiraka cha maktaba kitakachotibu hilo. Weka kikomo cha ukubwa wa hati mlangoni, kabla haijafika kwa kichanganuzi.

Ikiwa huwezi kusasisha leo na programu yako haihitaji DTD hata kidogo, ipo kinga ya muda: sajili kishikizo (kazi ambayo Expat huiita tukio likitokea) cha mwanzo wa DTD, na pindi kinapoitwa, simamisha uchanganuzi na uikatae hati. Huduma nyingi zinazopokea XML kutoka kwa wateja hazina sababu yoyote ya kukubali DTD, na ningependa kuona kila moja ikiikataa, hata zile zilizosasishwa.

Dalili ya tatu: kichakataji kinafika asilimia 100 lakini kumbukumbu imetulia

Hapa mshukiwa mkuu ni CVE-2023-52425, na inafaa kuitazama kwa karibu kwa sababu inaeleza pia dalili inayofuata.

Expat hupokea hati kwa vipande jinsi vinavyowasili kutoka kwenye mtandao. Tokeni, kwa mfano tagi yenye sifa ndefu sana, ikianza kwenye kipande kimoja na isiishe, matoleo ya zamani yalihifadhi kilichokwisha kuja, na kipande kipya kilipofika yakaanza kuisoma tokeni ile upya tangu mwanzo wake. Tuseme tokeni moja imegawanywa katika vipande 1,000. Kipande cha kwanza husomwa mara elfu moja, cha pili mara 999, na kuendelea. Jumla ni usomaji wa vipande 500,500 badala ya 1,000. Ongeza tokeni iwe mara kumi zaidi na kazi inakuwa mara mia zaidi. Mshambuliaji hahitaji hati ya ajabu yoyote. Anahitaji tagi moja ndefu isiyofungwa na subira ya kuituma kidogo kidogo.

Ili kuthibitisha, chukua picha ya mchakato unaohangaika kwa `perf top -p` na namba ya mchakato. Muda mwingi ukiwa unaishia ndani ya kazi za kusoma tokeni za Expat, umempata. Sasisha hadi 2.6.0 au zaidi. Ukiwa huwezi, ongeza ukubwa wa vipande unavyompa kichanganuzi, kwa sababu vipande vichache vikubwa hupunguza marudio, na uweke kikomo cha ukubwa wa hati.

Visababishi vingine ni vichache: kitanzi kisichoisha ndani ya programu yako mwenyewe, au hati iliyo kubwa kihalali. Picha ya perf itavitenga.

Dalili ya nne: baada ya kusasisha, matukio yanachelewa au hayaji kabisa

Programu za mazungumzo ya papo kwa papo zinazotumia XMPP, na programu yoyote inayosoma mkondo wa XML usiokuwa na mwisho, zinaweza kuonyesha dalili hii mara tu baada ya kuhamia 2.6.0. Ujumbe umetumwa, baiti zimefika, lakini programu haijaarifiwa.

Hii ni tokeo la marekebisho yaliyotajwa hapo juu. Ili kuzuia usomaji wa kurudia, Expat sasa huahirisha: ikijaribu kusoma tokeni ikaikuta haijakamilika, haijaribu tena hadi data iliyokusanyika iwe imeongezeka kwa kiasi cha kutosha. Kwa hati inayokwisha, hakuna tatizo, kwani mwito wa mwisho humaliza kila kitu. Kwa mkondo unaosubiri jibu la upande wa pili, tokeni inaweza kukamilika na bado ikakaa kwenye bafa ikingojea data ambayo haitakuja.

Hatua ya kwanza ni kuangalia kama programu yako ina toleo jipya linalolifahamu jambo hili. Python, kwa mfano, iliongeza njia ya `flush()` kwenye `XMLPullParser`, nayo ikarudishwa hadi kwenye matoleo ya zamani kama 3.12.3 na 3.11.9. Ukiita `flush()` baada ya kulisha ujumbe kamili, kilichoahirishwa husomwa. Kwa wanaotumia C, ipo `XML_SetReparseDeferralEnabled`, ambayo huweza kuzima uahirishaji kwa kichanganuzi kimoja.

ONYO: kuzima uahirishaji kunarudisha kasoro ileile uliyosasisha ili kuiondoa. Fanya hivyo kwa mkondo ambao mtumaji wake unamwamini, au mahali ambapo umeweka kikomo kikali cha ukubwa wa tokeni. Usiuzime kwa huduma nzima kwa sababu majaribio mawili yameshindwa.

Dalili ya tano: baada ya kusasisha, hati zilizokuwa zikikubalika zinakataliwa

Soma ujumbe wa kosa kabla ya kurudi kwenye toleo la zamani. Kurudi nyuma ndilo jambo la kwanza linalomjia mtu akiwa na wateja wanaolalamika, na ndilo kosa baya kuliko yote.

Ujumbe ukisema `not well-formed (invalid token)`, kisababishi cha kawaida ni hati yenye UTF-8 iliyovunjika. Kabla ya 2.4.5, Expat haikukagua baadhi ya baiti hizo sawasawa, hasa ndani ya majina ya tagi, na upungufu huo ulikuwa CVE-2022-25235. Tatizo basi ni la anayetoa hati. Mara nyingi utakuta mfumo wake unaandika kwa usimbaji wa Windows huku ukitangaza UTF-8 kwenye mstari wa kwanza. Mrudishie hati na umwonyeshe baiti yenyewe kwa `xxd`.

Ujumbe ukiwa ni kosa la kawaida la sintaksia kwenye hati zenye nafasi za majina, angalia toleo. Marekebisho ya CVE-2022-25236 yalikataza kitenganishi kilichochaguliwa na programu kisionekane ndani ya URI (anwani) ya nafasi ya majina. Programu zilizochagua herufi kama nukta pacha au mkwaju, ambazo zimo katika karibu kila URI, zilivunjika papo hapo. Toleo la 2.4.7 lililegeza sharti hilo kwa herufi zinazoruhusiwa kwenye URI. Kusasisha kunatosha, lakini marekebisho ya kweli ni kubadilisha kitenganishi ndani ya programu kiwe herufi isiyoweza kuonekana kwenye URI, kama vile herufi ya mstari mpya.

Ujumbe ukiwa `limit on input amplification factor (from DTD and entities) breached`, ama umeshambuliwa na kinga imefanya kazi yake, ama una hati halali inayotumia entiti kwa wingi, jambo linalotokea kwenye nyaraka za kiufundi zilizoandikwa kwa DocBook. Weka kigezo cha mazingira `EXPAT_ACCOUNTING_DEBUG=1` kwenye mashine ya majaribio na uangalie hesabu inayotolewa. Hati ikiwa ni yako na unaijua, pandisha kiwango kwa kichanganuzi hicho kimoja kwa `XML_SetBillionLaughsAttackProtectionMaximumAmplification`, ukiweka namba iliyo juu kidogo ya ile uliyoipima. Sijawahi kuona sababu halali ya kuweka milioni moja kwa ajili ya kunyamazisha kosa.

Mwisho, ukipata kosa la kuishiwa kumbukumbu wakati mashine ina kumbukumbu tele, na uko kwenye 2.7.2 au zaidi, kikomo kipya cha kumbukumbu ndicho kilichokataa ombi. Kinarekebishwa kwa kazi zake mbili za `XML_SetAllocTracker`, na tahadhari ni ileile.

Dalili ya sita: programu inaanguka ghafla

Anguko ndilo dalili nzito kuliko nyingine, kwa kuwa linaweza kuwa ni kuzimika kwa huduma tu, na linaweza kuwa ni alama ya mtu aliyejaribu kuendesha msimbo wake ndani ya mashine yako.

Anza na picha ya anguko:

    coredumpctl gdb

Kisha andika `bt` na uhesabu fremu (kila fremu ni mwito mmoja wa kazi). Ukiona kazi zilezile zikirudiwa mamia au maelfu ya mara, staki imejaa. Kwenye matoleo yaliyo chini ya 2.7.0 hiyo ni CVE-2024-8176. Kumbuka kwamba ukubwa wa staki hutofautiana sana. Kwenye Linux ya kawaida mchakato mkuu hupewa mebibaiti 8, lakini kwenye Alpine, inayotumia maktaba ya C iitwayo musl, uzi mpya hupewa kibibaiti 128 tu usipoomba zaidi. Hati inayopita salama kwenye Debian inaweza kuangusha kontena la Alpine. Kuongeza staki huahirisha tatizo bila kuliondoa.

Fremu zikiwa chache na anguko likiwa ndani ya `malloc`, `free` au `memcpy`, shuku uharibifu wa kumbukumbu. Kabla ya 2.6.3, `XML_ParseBuffer` ilikubali urefu ulio hasi, hivyo angalia kama programu yako inampa Expat thamani inayorudishwa na `read()` bila kuikagua. Kosa la kusoma hurudisha −1, na hiyo −1 ndiyo iliyokuwa ikienda moja kwa moja kwenye maktaba. Rekebisha programu hata kama umesasisha. Kwenye vifaa vya biti 32, kama vile ruta na vidhibiti vya viwandani, kasoro za namba kufurika ni za hatari zaidi, kwa sababu zidisho linalotosha ndani ya biti 64 hujaa ndani ya biti 32, maktaba huomba nafasi ndogo, kisha huandika kupita mipaka yake.

Ukiwa na hati inayosababisha anguko, irudie kwenye mashine iliyotengwa, kwa programu iliyojengwa na `-fsanitize=address`. Ripoti yake itataja mstari ulioandika nje ya mipaka na mahali kumbukumbu ilipoachiliwa.

SIMAMA HAPA NA UITE MTAALAMU ikiwa anguko limejirudia kwa hati tofauti kutoka kwa mtumaji mmoja, ikiwa baada ya anguko umeona mchakato, faili au muunganisho wa mtandao usioufahamu, au ikiwa seva inashika taarifa za wagonjwa au za fedha. Usiwashe upya mashine na usifute logi. Itenge na mtandao ikiwa bado inatembea, hifadhi picha ya anguko na hati iliyopokelewa, na andika saa ya kila ulichofanya. Kwa walio Tanzania, TZ-CERT iliyo chini ya TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania) hupokea taarifa za matukio ya namna hii, na Kenya ipo KE-CIRT/CC iliyo chini ya Mamlaka ya Mawasiliano.

Usipoweza kusasisha mwenyewe

Kuna vifaa ambavyo msimbo wake hutolewa na mtengenezaji peke yake: mashine za maabara, printa, vifaa vya mawasiliano. Usijaribu kubadilisha maktaba ndani yake. Kwa mashine za hospitali hasa, kubadilisha faili moja kunaweza kubatilisha uthibitisho wa usalama wa kifaa kizima, na hiyo si kazi ya msimamizi wa mtandao. Mwandikie mtengenezaji ukitaja namba za CVE moja moja na umtake ajibu kwa kila moja, kwa sababu swali la jumla hupewa jibu la jumla. Wakati unasubiri, hakikisha kifaa hakipokei XML kutoka nje ya mtandao wake wa ndani.

Ukigundua kasoro ambayo haimo kwenye orodha

Ikiwa uko kwenye toleo la karibuni kabisa na bado hati yako inaiangusha maktaba, usiiweke hati hiyo mahali pa wazi. Mwandikie mtunzaji wa mradi kwa faragha. Kumbuka kwamba faili la mabadiliko la Expat lenyewe limebeba wito wa kuomba msaada wa watu na fedha, kwa hiyo kila saa utakayompunguzia ni saa inayokwenda kwenye kiraka. Punguza hati hadi ibaki na baiti chache iwezekanavyo huku bado ikisababisha anguko. Taja toleo, mfumo, na kama mashine ni ya biti 32 au 64. Eleza ulimlisha kichanganuzi kwa vipande vya ukubwa gani, maana baadhi ya kasoro hizi huonekana kwa vipande vya baiti moja na kutoweka hati ikipewa kwa mkupuo mmoja. Ambatanisha ripoti ya sanitaiza nzima bila kuikata. Ukijaribu kuandika kiraka mwenyewe, kipeleke pamoja na jaribio linaloshindwa kabla ya kiraka na kufaulu baada yake, lakini usikiweke kwenye seva zako kabla mtu mwingine anayeijua C vizuri hajakipitia.